Fedha Katika Kasha

Mwezi huu twataka kutafakari jambo moja ambalo kwa mara ya kwanza laweza kuonekana kuwa mbali nasi. Lakini tukilifuata mpaka mwisho litatufikisha mlangoni petu wenyewe. Katika nchi ya Marekani, na katika nchi nyingine pia, wako watu wengi wanaokusanya dola za fedha. Hawazikusanyi ili wanunue kitu. Wazikusanya ili wawe nazo. Huitafuta ile ambayo haikupata kutumiwa hata siku moja, nao huipenda zaidi ikiwa ingali imo katika kasha lile lile ililotolewa nalo. Huutazama uso wake, na ukingo wake, na mng'ao wake. Kisha hulitazama hata kasha lenyewe, kama ni zima au limepasuka, na karatasi iliyokuja pamoja nalo, kama ipo au imepotea. Basi sarafu mbili zilizopigwa kwa chapa moja, mwaka mmoja, zenye uzito mmoja na fedha ile ile, zaweza kupishana bei mara kumi, hata mara mia.

Kwa hiyo twauliza: Thamani ya kitu hutoka wapi? Je, imo katika kitu chenyewe, au katika usafi wake, au katika kasha lake, au katika jicho la mtu akitazamaye? Tena, Mkristo aliyewekwa kuwa wakili wa vitu vya dunia hii, afanye nini navyo? Avitumie, au avihifadhi?

Yafaa tujue kwanza jina hili la dola lilitoka wapi, maana lina ujamaa na kanisa letu. Katika milima ya Bohemia, ambayo leo imo katika nchi ya Cheki, palikuwa na mji wa wachimba madini ulioitwa Joachimsthal, maana yake Bonde la Yoakimu. Karibu na mwaka 1520, siku zile zile Dakta Martin Luther alipokuwa akiandika vitabu vyake vya kwanza, wakuu wa jamaa ya Schlick walipiga huko sarafu kubwa za fedha iliyochimbwa palepale. Watu wakaziita kwa jina la bonde, thaler. Na jina hilo likitembea kutoka lugha hata lugha likawa dola. Mchungaji wa mji ule alikuwa Johannes Mathesius, ambaye alipata kula mezani pa Luther huko Wittenberg, na baadaye akayasimulia maisha ya Luther katika mahubiri yaliyochapwa mwaka 1566. Aliwahubiri wachimba fedha kwa maneno ya kazi yao wenyewe mpaka alipofariki mwaka 1565. Basi hata sisi tukisema juu ya fedha hatutoki katika njia ya wazee wetu wa imani.

Wazee wa pwani yetu nao waliwajua ndugu wa sarafu hiyo. Waliziita reale: reale ya mzinga, iliyotoka Hispania, yenye nguzo mbili zilizoonekana kama mizinga, na reale ya Sham, yenye uso wa Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, lakini fedha yake iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule wa 1780 katika miji mingi ya Ulaya, na hata Bombay, kwa kuwa wafanyi biashara wa Arabuni na Habeshi na pwani hawakutaka nyingine. Nao walikuwa wapimaji wakali. Walizihesabu lulu za taji na za bizimu ya malkia, na sarafu iliyolika hata lulu zisionekane waliitilia shaka. Tena lugha yetu yenyewe yatufundisha: neno letu fedha ni jina la madini, na pia ni jina la mali yote inunuayo. Mpimaji wa pwani alipoishika reale mkononi alivipima vyote viwili kwa mara moja.

Sasa turudi Marekani. Mwaka 1878 ilitolewa sheria ya kuilazimisha serikali kununua fedha nyingi kila mwezi na kuipiga dola. Mchora chapa aliitwa George Morgan, na dola zile zaitwa kwa jina lake hata leo. Kila moja ina uzito wa gramu 26.73, na sehemu tisa katika kumi ni fedha safi. Lakini watu hawakupenda kuchukua sarafu nzito hivyo mifukoni. Walipenda zaidi noti. Basi dola zilitiwa katika mifuko ya nguo, elfu moja kila mfuko, zikalala gizani katika hazina za serikali, na noti zikatembea badala yake. Mwaka 1918, kwa sheria nyingine, zaidi ya dola milioni 270 ziliyeyushwa, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ikauzwa kwa Waingereza kwa ajili ya mahitaji ya Bara Hindi. Zilizosalia zikaendelea kulala. Mwezi wa Machi 1964 serikali iliacha kuzitoa kwa bei yake ya dola moja. Na walipohesabu zilizobaki, zilikuwa karibu milioni tatu, nyingi katika hizo zikiwa zimepigwa katika mji mdogo wa Carson City, huko Nevada. Mwaka 1884 mji huo ulipiga dola 1,136,000. Na zaidi ya 900,000 katika hizo zilikuwa zingali katika mifuko, miaka themanini baadaye.

Dola hizo ziliuzwa kwa watu tangu mwaka 1972 mpaka 1980. Nzuri zilitiwa moja moja katika makasha magumu ya plastiki, na zile zenye mikwaruzo mingi au weusi ziliwekwa mbali na nyingine. Leo dola iliyomo bado katika kasha lile la serikali huuzwa kwa bei kubwa kuliko ndugu yake iliyotolewa kashani.

Wakusanyaji wana kipimo chao pia. Mwaka 1949 mtu aitwaye William Sheldon aliandika kitabu cha senti za zamani za Marekani, akaipa kila sarafu hesabu toka moja mpaka sabini. Moja ni ile iliyolika hata haitambulikani ila kwa shida. Sabini ni ile isiyo na ila yo yote. Tangu mwaka 1986 na 1987 vyama vya wapimaji vimechukua hesabu hiyo, navyo hupokea sarafu za watu, huzitazama, huzifunga katika vibao vya plastiki visivyofunguka ila kwa kuvunjwa, na kuandika hesabu juu yake. Kutoka sitini kwenda juu ni sarafu ambazo hazikutumiwa. Nao hujua hila za wauzaji. Mtu akiisugua dola nzee ili ing'ae kama mpya, jicho la mpimaji huona mistari midogo ya kitambaa, na bei hushuka. Maana weusi uliokuja wenyewe kwa miaka mingi ni bora kuliko mng'ao wa uongo.

Hapo twasimama kidogo. Watu wa dunia hii katika biashara yao wamelijua jambo ambalo sisi kanisani twalisahau mara nyingi, ya kuwa kusugua nje hakurudishi upya. Bwana wetu aliwaambia Mafarisayo habari ya kikombe kilichooshwa nje tu. Na Waswahili wana mithali yao: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa tulijibu swali la kwanza: Je, ni dhambi kukusanya fedha isiyotumiwa? Yuko atakayejibu upesi kwamba ni dhambi, akitushika kwa mfano wa Bwana katika Luka 19. Yule mtumishi aliyeifunga mina yake katika leso hakuipoteza, wala hakuiiba, wala hakuiharibu. Aliirudisha safi kama alivyoipokea. Kwa kipimo cha wakusanyaji angepewa sabini! Lakini kwa kipimo cha bwana wake alipewa hukumu. Jambo hili latisha kweli, nasi hatutaki kulipunguza makali.

Hata hivyo tusihukumu kwa haraka. Wakusanyaji wengi wametunza mambo ambayo bila wao yangepotea: chapa za mafundi, mwaka wa sheria, habari za miji ambayo leo haipigi tena sarafu. Baba aketiye na mwanawe jioni, akimwonyesha dola ya mwaka 1884 na kumsimulia habari zake, hakumdhulumu mtu. Tena dola zile zilizolala katika mifuko hazikuwa bila kazi kabisa. Kwa kuwa ziliwekwa humo, noti iliyotembea nje iliaminika. Akiba si uovu. Wazee wetu husema, Akiba haiozi. Yusufu aliweka akiba katika Misri, akaponya watu.

Lakini angalieni: Yusufu aliweka akiba, kisha akazifungua ghala. Hapo ndipo panapotengana akiba na sanamu. Luther, katika Katekisimo Kubwa, akieleza amri ya kwanza, afundisha kwamba kile ambacho moyo wa mtu wakishikilia na kukitegemea, hicho ndicho mungu wake; na ya kwamba sanamu inayoabudiwa kuliko zote duniani ni mali. Basi hatuulizi kama kuna dola kashani. Twauliza kama kasha laweza kufunguka. Na ajabu ya makasha haya ya leo ni hii: ukilivunja, bei ya kilichomo yaweza kupungua palepale. Mwenyewe huogopa kuifungua hata ili aiguse fedha yake kwa kidole. Je, ni yeye aishikaye fedha, au ni fedha imshikayo yeye?

Swali la pili ni la kupima. Tusidhani ya kwamba kupima ni jambo ovu. Mithali 11 yasema habari ya mizani ya hadaa kuwa chukizo kwa Bwana. Na katika Mithali 20 twaonyeshwa mnunuzi adharauye kitu alipo mbele ya muuzaji, naye akiisha kwenda zake hujisifu. Fikirini mjane aliyeachiwa na mumewe dola chache katika kijaluba. Hajui mwaka, wala chapa, wala hali yake. Mnunuzi mjuzi aja, azipindua, aguna, asema zimelika. Kisha azichukua kwa bei ya chuma. Luther, akieleza amri ya saba, asema ya kuwa mwizi si yeye tu avunjaye sanduku la mtu, bali pia yeye amdanganyaye mwenziwe sokoni kwa bidhaa mbovu, kwa kipimo, kwa mizani na kwa sarafu. Kwa hiyo kipimo cha haki, kinachotangazwa wazi na kujulikana na wote, ni ngao ya mjane yule. Hilo twalisifu.

Lakini kila kipimo cha mwanadamu kina mpaka. Wakusanyaji wenyewe wakiri ya kuwa wapimaji wawili wenye ujuzi huweza kupishana juu ya sarafu ile ile. Na wako watu wanaovunja kibao na kuipeleka sarafu mara ya pili, wakitumaini kupewa hesabu kubwa zaidi. Wako na waovu wanaoghushi vibao vyenyewe. Ndiyo maana wenye busara katika kazi hiyo hufundishana kuitazama sarafu kwanza, na kasha baadaye.

Iko habari moja inayoonyesha jambo hili vizuri, nayo yahusu nchi zetu. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifanya mkataba wa biashara huko Maskati na Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa mtawala wa Maskati na wa Unguja. Serikali ya Marekani ikataka kumpelekea zawadi, yaani sarafu za kila aina zilizokuwa katika sheria. Dola za fedha zilikuwa hazikupigwa kwa miaka mingi. Basi mwaka 1834 zikapigwa nyingine na kutiwa tarehe ya 1804, kwa kuwa vitabu vya kiwanda viliandika kwamba dola zilipigwa mara ya mwisho mwaka huo. Kumbe dola za mwaka 1804 zilikuwa zimetiwa tarehe za nyuma! Basi zawadi ikamfikia Sultani mwaka 1835 ikiwa na tarehe isiyo kweli usoni mwake. Dola zenye tarehe hiyo zinazojulikana leo ni chache sana. Na moja, ambayo hudhaniwa kuwa ndiyo ile ya Sultani, iliuzwa mwaka 1999 kwa dola 4,140,000.

Kama ni uzito, fedha iliyomo yatosha kijiko. Kama ni tarehe, si ya kweli. Kama ni kazi, haikununua hata kibaba cha mchele. Thamani yake yote imo katika uchache wake, na katika habari zake, na katika hamu ya watu. Hatusemi kwamba thamani hiyo ni uongo. Walioinunua walitoa mali ya kweli. Twasema tu ya kuwa ni thamani iliyowekwa na macho ya wanadamu, na macho hayo yakigeukia kitu kingine, nayo itaondoka.

Na sasa tumefika mlangoni petu. Ndugu walimu na wainjilisti, na ninyi wazee wa sharika, je, sisi hatuna vibao vyetu na hesabu zetu? Aja mtu kuomba ubatizo, amevaa nguo safi, asema vizuri, ajua kusoma. Upesi twampa sitini na tano. Aja mwingine, mikono yake imechakaa kwa jembe, maneno yake yamekatika kwa haya, pengine maisha yake yamepita katika mikono mingi. Twampa kumi, naye huketi nyuma. Mtume Yakobo, katika sura ya pili, alikwisha kuwaonya watu wa kusanyiko waliompa kiti kizuri mtu mwenye pete ya dhahabu, na kumwacha maskini asimame. Nasi hata leo hulitazama kasha kwanza, na fedha baadaye.

Tena liko kosa la hila zaidi, nalo hushika watu wema. Ni kuwaza kwamba Mkristo bora ni yule ambaye hakuguswa na mtu. Hakwenda kwa mlevi, asije akasemwa. Hakuingia nyumba ya wenye ugomvi, asije akachafuka. Amejitunza. Lakini dola za Marekani zatufundisha jambo la ajabu. Zile zilizolala katika mifuko miaka themanini, bila kuguswa na mkono wa mnunuzi, hazikutoka bila alama. Kila mfuko ulipoinuliwa na kutupwa na kuhamishwa, zilipigana zenyewe kwa zenyewe, zikakwaruzana mashavu. Wakusanyaji wazijua sana alama hizo za mfukoni. Basi hata kule kujificha hakukuzilinda. Na sisi je? Usharika usiotoka kwenda kuwatumikia watu, wenyewe kwa wenyewe hukwaruzana. Tumeona jambo hili zaidi ya mara moja, nasi twaliandika kwa huzuni. Heri alama ipatikanayo katika kazi kuliko ile ipatikanayo katika kulala.

Na ile sarafu iliyolika, je? Ilipita sokoni, ikalipa mshahara wa mchimba makaa, ikanunua dawa ya mtoto, ikatiwa katika sahani ya sadaka, ikarudi sokoni tena. Sura yake imefifia. Lakini itazameni vizuri: mfalme aliyeipiga bado yuaonekana, na fedha yake ni ile ile. Bwana alipoonyeshwa dinari aliuliza sura na anwani ni ya nani. Hakuuliza kama ni mpya. Na mwanamke wa Luka 15 aliyepotewa na drakma moja aliwasha taa, akafagia nyumba nzima. Hatusomi ya kuwa alipoiona aliipima kwanza hali yake ndipo akafurahi. Ilikuwa yake, hiyo ndiyo thamani yake. Sisi nasi tu wa Mungu kwa njia hiyo hiyo. Sura yake ndani yetu imelika kwa dhambi, wala hatuwezi kuisugua ing'ae. Lakini ametutafuta, akatununua kwa bei asiyoitoa mtu kwa kitu kilicholika hivyo. Hapo ndipo thamani yetu ilipotoka, wala si penginepo.

Basi, Mkristo mwenye fedha katika kasha afanye nini? Hatumwamuru aitupe. Twamwomba ajiulize mambo matatu. La kwanza: Je, naliipata kwa haki, bila kumnyonya asiyejua? La pili: Je, naweza kuitazama bila moyo wangu kuilalia? La tatu, nalo ndilo gumu: Mhitaji akipiga hodi leo usiku, naye ni jirani yangu, je, naweza kulivunja kasha?

Twakumbuka nyumba ile ya Bethania, katika Marko 14. Kilikuwako chombo kizuri, kimefungwa vema, na ndani yake marhamu ya thamani. Waliokuwapo walijua bei yake sawasawa. Waliikadiria zaidi ya dinari mia tatu. Walikuwa wapimaji hodari, na hesabu yao haikukosea. Lakini yule mwanamke alikivunja chombo, akaimimina marhamu. Na Bwana, ajuaye kupima, akalipokea tendo lake kuwa jema.